Viza ya Masomo ya Uingereza: Hatua, Fedha na Makosa Yanayoweza Kuepukwa

Viza ya mwanafunzi wa Uingereza huombwa mtandaoni, na fomu yenyewe hujazwa kwa saa chache. Kinachokula muda ni vile vinavyotakiwa kuwa tayari kabla fomu haijafunguliwa: nafasi ya chuo iliyothibitishwa, fedha zilizotulia benki kwa siku zinazotakiwa, cheti cha kifua kikuu, na nyaraka ambazo majina yake hayagongani. Ofisa anayepitia maombi hamjui mwombaji, wala hajui juhudi za familia yake. Anapima karatasi zilizo mbele yake dhidi ya masharti yaliyoandikwa. Ndiyo maana mwanafunzi hodari mwenye nafasi katika chuo kizuri huweza kukataliwa kwa sababu salio la benki lilishuka kwa siku moja.

Raia wa Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo wote hutakiwa kuwa na viza kabla ya kusafiri. Utaratibu wa sasa ulianza tarehe 5 Oktoba 2020 na kuchukua nafasi ya ule ulioitwa Tier 4. Mwongozo wowote unaoendelea kuzungumzia Tier 4 kama utaratibu unaotumika ni wa zamani, na haufai kufuatwa. Viwango vya fedha na ada hubadilika karibu kila mwaka, hivyo tarakimu zilizomo humu zihakikiwe kwenye tovuti rasmi ya serikali ya Uingereza, gov.uk, siku ya kutuma maombi.

Yanayopimwa

- Nafasi ya masomo katika taasisi yenye leseni ya kupokea wanafunzi wa kigeni.
- Fedha za ada ya mwaka wa kwanza na za kujikimu.
- Kiwango cha Kiingereza.
- Afya, hasa kifua kikuu.
- Ukweli wa mwombaji: kwamba ni mwanafunzi kweli na kwamba nyaraka zake ni halali.

Hati ya nyumba, picha za shamba, kadi ya gari na barua ya serikali ya mtaa hazimo. Cheti cha polisi cha tabia njema nacho hakidaiwi kwa viza hii, ingawa kosa lolote ambalo mwombaji amewahi kutiwa hatiani lazima litajwe kwenye fomu. Tiketi ya ndege haitakiwi pia, na kuinunua kabla ya jibu ni kuhatarisha fedha bila sababu.

Chuo na namba ya CAS

Chuo kikishampokea mwanafunzi bila masharti yaliyobaki, na mwanafunzi akishalipa amana inayodaiwa, chuo humtolea CAS. Hii ni kumbukumbu ya kielektroniki yenye namba ya kipekee, na bila namba hiyo maombi ya viza hayatumwi. Ndani ya CAS kuna jina la mwanafunzi, namba ya pasipoti, jina la kozi, tarehe za kuanza na kumaliza, ada ya mwaka, kiasi kilichokwisha kulipwa, na vyeti ambavyo chuo kilivitumia kumpima.

Kila kipengele hicho kisomwe neno kwa neno siku CAS inapofika, kwa sababu chuo huweza kurekebisha kosa kabla ya maombi kutumwa. Yanayofaa kuangaliwa kwa makini zaidi ni haya:

- Jina liwe lilelile la pasipoti, kwa mpangilio uleule.
- Amana iliyolipwa iwe imeandikwa. Isipoandikwa, ofisa atadai ada nzima ionekane benki, na risiti ya malipo ndiyo itakayobaki kumtetea mwombaji.
- Vyeti vilivyotajwa ndivyo vitakavyotakiwa kuonyeshwa. Chuo kikitaja cheti cha kidato cha sita na shahada ya kwanza, vyote viwili viwe mkononi.

CAS hutumika mara moja tu, na itumike ndani ya miezi sita tangu itolewe. Maombi ya viza kutoka nje ya Uingereza hayapokelewi mapema zaidi ya miezi sita kabla ya kozi kuanza.

Kabla ya kulipa amana, jina la chuo litafutwe kwenye orodha ya taasisi zenye leseni, inayotolewa wazi kwenye gov.uk. Kazi hiyo ni ya dakika chache, na imewaokoa wengi ambao tayari walikuwa wameshika risiti za vyuo visivyoweza kumleta mwanafunzi yeyote nchini humo.

Kwa baadhi ya kozi za uzamili na uzamivu katika sayansi na uhandisi, kuna kibali kingine kinachoitwa ATAS. Chuo ndicho kinachomwarifu mwanafunzi kama kozi yake inakihitaji. Hakina malipo, lakini hutolewa baada ya wiki kadhaa, na viza haiwezi kuombwa kabla yake.

Fedha: sehemu inayoangusha wengi

*Kiasi kinachotakiwa*

Hesabu ina mafungu mawili. La kwanza ni ada ya mwaka wa kwanza iliyobaki kulipwa, kama CAS inavyoonyesha. La pili ni fedha za kujikimu kwa miezi ya kozi, lakini hesabu haivuki miezi tisa. Tangu Novemba 2025 kiwango ni pauni 1,529 kwa mwezi kwa wanaosomea London, na pauni 1,171 kwa wanaosomea nje ya London. Kwa miezi tisa hiyo ni pauni 13,761 kwa London na pauni 10,539 kwingineko.

Mwanafunzi anayekwenda Leeds kwa kozi ya pauni 16,000, akiwa amelipa amana ya pauni 4,000, anatakiwa kuonyesha ada iliyobaki, pauni 12,000, pamoja na pauni 10,539. Jumla ni pauni 22,539. Kama amelipia chumba cha bweni kwa chuo chenyewe, kiasi hicho hupunguzwa, ila hakitapunguzwa kwa zaidi ya pauni 1,529. Kodi aliyomlipa mwenye nyumba binafsi haipunguzwi.

Fedha zinaweza kuwa kwa shilingi au dola. Ofisa huzibadilisha kuwa pauni kwa kiwango kinachoonyeshwa na tovuti ya OANDA siku ya maombi. Shilingi ikiyumba kidogo katikati ya mwezi, akaunti iliyokuwa na kiasi kamili huonekana pungufu. Kwa hiyo ni busara kuweka ziada ya angalau asilimia kumi juu ya hesabu.

*Siku 28*

Kiasi chote kikae kwenye akaunti kwa siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango hata kwa siku moja. Siku ya mwisho ya kipindi hicho iwe ndani ya siku 31 kabla ya maombi kutumwa na kulipiwa. Fedha zikitimia tarehe 1 Julai, siku ya ishirini na nane ni tarehe 28 Julai. Taarifa ya benki ikiishia siku hiyo, maombi yatumwe kabla ya tarehe 28 Agosti. Baada ya hapo taarifa hiyo imechakaa, na nyingine lazima ichukuliwe.

Makosa ya siku 28 ni yaleyale mwaka hadi mwaka:

- Fedha kutimia tarehe 10, maombi kutumwa tarehe 30 ya mwezi uleule kwa sababu chuo kinakaribia kufunguliwa.
- Mzazi kutoa fedha kidogo kwa dharura na kuzirudisha kesho yake. Hesabu ya siku inaanza upya.
- Makato ya benki kupunguza salio lililokuwa sawasawa na kiwango.
- Kuchukua barua ya benki inayotaja salio la siku moja tu. Barua hiyo haithibitishi siku 28. Inayotakiwa ni taarifa ya akaunti inayoonyesha miamala yote ya kipindi, au barua inayotamka wazi kwamba salio halikushuka chini ya kiasi fulani kati ya tarehe fulani na tarehe fulani.

*Akaunti ya nani?*

Hapa ndipo desturi ya nyumbani na sheria ya Uingereza zinapoachana. Afrika Mashariki mtoto husomeshwa na ukoo: mjomba analipa ada, shangazi ananunua tiketi, kaka aliye Muscat anatuma fedha za kula. Sheria ya viza inatambua watu wachache mno: mwombaji mwenyewe, baba au mama, na mlezi anayetambuliwa kisheria. Mjomba, shangazi, kaka, dada na rafiki wa familia hawamo, hata barua yao ya udhamini ikigongwa muhuri wa wakili. Mume au mke ana masharti yake ya ziada.

Bibi aliyemlea mtoto tangu akiwa mchanga naye hahesabiwi kuwa mlezi ikiwa hakuna hati ya mahakama. Jambo hili huumiza, kwa maana huyo ndiye mzazi pekee ambaye waombaji wengi wamemjua. Lakini kubishana na sharti hilo ndani ya barua ya maombi hakubadilishi uamuzi.

Njia ya halali ipo, nayo ni nyepesi. Ndugu anayesaidia aihamishie fedha akaunti ya mwanafunzi mwenyewe mapema, zikae humo siku 28, na mwanafunzi atunze barua fupi ya ndugu huyo pamoja na ushahidi wa uhamisho, ili akiulizwa chanzo cha fedha aeleze ukweli bila kusita. Akaunti ya pamoja nayo inakubalika, mradi jina la mwombaji limo.

Ikitumika akaunti ya mzazi, viambatanishwe:

- cheti cha kuzaliwa kinachoonyesha jina la mzazi huyo;
- barua ya mzazi yenye sahihi, inayotaja uhusiano na kukubali fedha zitumike kwa masomo;
- taarifa ya benki yenye jina la mwenye akaunti, namba ya akaunti, tarehe, jina na nembo ya benki, na kiasi kilichomo.

*Fedha zisizohesabiwa*

Hisa, dhamana, mafao ya uzeeni yasiyochukuliwa na kikomo cha kadi ya mkopo havihesabiwi. Ardhi na nyumba, thamani yake iwe yoyote, hazihesabiwi. Akiba iliyo kwenye simu, kwenye kikundi cha kuweka na kukopa au kwenye chama cha akina mama ihamishiwe benki inayosimamiwa na benki kuu ya nchi na inayotunza kumbukumbu kwa kompyuta. Akaunti ya kampuni ya mzazi huzua maswali mengi kuliko majibu. Ni salama zaidi kiasi kinachotakiwa kiingie kwenye akaunti yake binafsi.

*Mwenye ufadhili*

Anayesomeshwa na serikali, na chuo chenyewe, au na mpango kama Chevening au Commonwealth, hahitaji siku 28 kwa sehemu ambayo mfadhili anaibeba. Huleta barua rasmi yenye jina lake, tarehe, jina na anwani ya mfadhili, muda wa ufadhili, na kiasi au tamko kwamba gharama zote zimebebwa. Ufadhili ukiwa wa ada peke yake, fedha za kujikimu bado zinatakiwa benki. Aliyemaliza masomo ya kufadhiliwa na serikali au shirika la kimataifa ndani ya miezi 12 iliyopita atadaiwa pia barua ya mfadhili huyo ya kuridhia maombi mapya.

Malipo kwa serikali ya Uingereza

Fedha hizi ni nje ya zile za kuonyesha benki, na familia nyingi huzisahau kwenye bajeti. Ada ya viza ilikuwa pauni 524 kuanzia Aprili 2025. Tozo ya afya, inayompa mwanafunzi haki ya kutibiwa katika huduma ya afya ya taifa, ni pauni 776 kwa mwaka na hulipwa yote kwa mkupuo mmoja kwa muda wote wa viza.

Viza huwa ndefu kuliko kozi. Kozi ya miezi 12 au zaidi huongezewa mwezi mmoja kabla ya kuanza na minne baada ya kumalizika, na tozo hufuata urefu huo. Kwa shahada ya uzamili ya mwaka mmoja tozo ni pauni 1,164. Kwa shahada ya kwanza ya miaka mitatu kwa kawaida hufika pauni 2,716.

Malipo hufanyika kwa kadi ndani ya mfumo wa maombi. Kadi nyingi za benki zina kikomo cha matumizi kwa siku, na kikomo hicho hugundulika saa ile ya kulipa. Benki iulizwe mapema na ikipandishe. Muhimu zaidi, malipo yasitoke kwenye ile akaunti inayohesabiwa siku 28 ikiwa kipindi hicho hakijafungwa kwa taarifa ya benki.

Kipimo cha kifua kikuu

Anayeomba kukaa zaidi ya miezi sita kutoka Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo hutakiwa kuwa na cheti cha kutokuwa na kifua kikuu. Cheti hutolewa na kliniki zilizoidhinishwa na Uingereza pekee. Dar es Salaam na Nairobi kazi hiyo hufanywa na kliniki za Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM. Cheti cha hospitali ya rufaa au ya binafsi, hata kikisainiwa na daktari bingwa, hakikubaliki.

Kipimo huanza na eksirei ya kifua. Picha ikiwa safi, cheti hutoka haraka na hudumu miezi sita. Picha ikileta shaka, makohozi huoteshwa maabara, na majibu huweza kuchukua hadi wiki nane. Kwa sababu ya wiki hizo nane, kipimo kisiachwe hadi mwisho. Aliyewahi kuugua au aliyeishi na mgonjwa aende mapema zaidi. Mjamzito aitaarifu kliniki kabla ya eksirei.

Kiingereza

Kwa shahada, kiwango ni B2. Chuo kikuu kinaruhusiwa kumpima mwanafunzi chenyewe na kuandika matokeo kwenye CAS, na baadhi ya vyuo hukubali alama za Kiingereza za kidato cha nne au shahada iliyofundishwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo chuo kiulizwe kwanza, kabla ya kulipia mtihani. Kikidai mtihani wa viza, mtihani uwe wa aina iliyoidhinishwa kwa viza, kama IELTS for UKVI. IELTS ya kawaida si kitu kimoja na hiyo, ingawa maswali yanafanana.

Majina na nyaraka

Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Jumaa, cheti cha mtihani Juma, na pasipoti imeongeza jina la babu. Hali hii ni ya kawaida kwetu, na nyumbani haimsumbui mtu. Kwa ofisa wa viza, hao wanaweza kuwa watu watatu. Marekebisho hufanywa RITA (cheti cha kuzaliwa), NECTA (cheti cha mtihani) na Uhamiaji (pasipoti) kwa Tanzania, au ofisi zinazolingana nazo kwingineko, na huchukua wiki au miezi. Pale ambapo jina haliwezi kurekebishwa kwa wakati, kiapo cha wakili au hati ya kubadili jina iambatanishwe, na majina yote yatajwe kwenye fomu mahali panapouliza majina mengine.

Waraka wowote ulioandikwa kwa Kiswahili au Kifaransa, kama barua ya mzazi, cheti cha ndoa au hati ya mahakama, uambatane na tafsiri kamili ya Kiingereza. Tafsiri iwe na tamko la mtafsiri kwamba ni sahihi, tarehe, jina lake kamili, sahihi yake na mawasiliano yake. Barua ya mzazi ni rahisi zaidi kuiandika kwa Kiingereza tangu mwanzo.

Mwombaji aliye chini ya miaka 18 ataongeza barua ya wazazi inayoridhia maombi, safari, na mahali atakapoishi Uingereza.

Kalenda kwa wanaoanza Septemba

- Hadi Januari: pasipoti, marekebisho ya majina, maombi ya vyuo.
- Machi na Aprili: kupokea nafasi, kukamilisha masharti, ATAS kama inatakiwa.
- Mei: amana ya chuo, kukusanya fedha za ndugu kwenye akaunti moja.
- Juni: kipimo cha kifua kikuu, kuanza kuhesabu siku 28.
- Julai: CAS, taarifa ya benki, kutuma maombi, alama za vidole.
- Agosti: jibu, tiketi, safari.

Kwa anayesubiri matokeo ya kidato cha sita, ratiba hii hubanwa mno, na mara nyingi ni heri kuomba chuo kihamishie nafasi kwenye muhula wa Januari kuliko kutuma maombi yenye siku 20 za benki kwa matumaini tu.

Kujaza fomu

Fomu huuliza safari zilizopita, kukataliwa viza na nchi yoyote, makosa ya jinai, na ndugu walioko Uingereza. Shida kubwa huwa kwenye swali la kukataliwa. Aliyewahi kunyimwa viza ya Marekani, Kanada au nchi za Schengen aseme, ataje mwaka na sababu. Kukataliwa kwa zamani peke yake hakuzuii viza. Kuficha kukataliwa huko huhesabiwa kuwa udanganyifu, na udanganyifu huweza kumfungia mtu milango kwa miaka 10.

Nyaraka hupakiwa mtandaoni na mwombaji mwenyewe bila malipo. Vituo vya maombi huweza kutoza fedha kwa kazi hiyohiyo. Faili zipewe majina yanayoeleweka, kurasa zote ziwemo, na picha za simu zenye kivuli zirudiwe.

Siku ya miadi mwombaji huenda kituoni kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Vidole visiwe na hina, piko, plasta wala kidonda. Mwenye harusi ya ndugu wiki hiyo aache hina hadi baadaye, la sivyo huenda akaambiwa arudi siku nyingine.

Mahojiano

Baadhi ya waombaji huitwa kuhojiwa, mara nyingi kwa video. Nia ni kujua kama mtu anaifahamu safari anayotaka kuianza. Maswali huzunguka mambo haya:

- Kwa nini kozi hii, na inaendeleaje na masomo au kazi ya awali?
- Kwa nini chuo hiki, na vyuo gani vingine vilifikiriwa?
- Masomo gani yatafundishwa, na hupimwa vipi?
- Nani analipa, na fedha hizo alizipataje?
- Atakaa wapi, na maisha ya mji huo yanagharimu kiasi gani?
- Baada ya shahada atafanya nini?

Majibu ya kukariri hujulikana upesi. Mhasibu wa miaka minane anayekwenda kusoma afya ya jamii anaweza kuwa na sababu nzuri kabisa, ila aitoe kwa maneno yake, kwa mifano ya kazi yake. Sheria ya wanafunzi haimdai athibitishe mali aliyoiacha nyumbani kama ilivyo kwa viza ya matembezi, lakini asiyejua jina la somo hata moja la kozi yake atapata shida kuaminika.

Mawakala

Wakala anaweza kusaidia kuchagua chuo na kufuatilia barua, na wengi hulipwa kamisheni na vyuo. Hakuna wakala mwenye uwezo wa kuhakikisha viza. Dalili za kuogopwa ni hizi:

- Anaahidi viza kwa asilimia mia.
- Anajitolea kuweka fedha kwenye akaunti kwa riba, au kutengeneza taarifa ya benki.
- Anatumia barua pepe yake mwenyewe kwenye maombi na hampi mwombaji nywila.
- Anataka ada ya viza kwa fedha taslimu bila kuonyesha risiti ya mfumo.
- Anamwambia mwombaji afiche kukataliwa kwa zamani.

Taarifa za benki huhakikiwa na benki zenyewe. Karatasi ya kughushi ikigundulika, anayepewa adhabu ni mwombaji ambaye jina lake liko kwenye fomu. Kusema kwamba wakala ndiye aliyefanya hakumwokoi.

Jibu likitoka

Kwa kawaida uamuzi hutolewa ndani ya wiki tatu baada ya alama za vidole. Huduma ya haraka ya siku tano za kazi, mahali inapopatikana, hulipiwa pauni 500 zaidi.

Tangu Julai 2025 mwanafunzi hapati tena kibandiko kwenye pasipoti. Hupata viza ya kielektroniki inayofunguliwa kwenye akaunti ya mtandaoni ya uhamiaji wa Uingereza. Siku ileile aikague: jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya pasipoti, tarehe za kuanza na kuisha, saa za kazi. Kosa liripotiwe kabla ya safari.

Maombi yakikataliwa, tozo ya afya hurudishwa kwenye kadi iliyoilipia. Ada ya viza hairudi. Barua ya kukataa hueleza sharti lililokosekana, na isomwe kwa utulivu kabla ya kuchagua mojawapo ya njia mbili:

- Mapitio ya uamuzi, ikiwa ofisa alikosea, kwa mfano hakuhesabu ukurasa uliokuwepo. Huombwa ndani ya siku 28 kwa pauni 80, na kwa kawaida ushahidi mpya haupokelewi.
- Maombi mapya, ikiwa kasoro ni ya mwombaji. CAS mpya hutakiwa, na chuo ndicho huamua kama kitaitoa. Kasoro iliyotajwa irekebishwe kwanza. Kurudia karatasi zilezile ni kulipa ada mara mbili kwa jibu moja.

Safari na masharti ya kukaa

Kwa kozi inayozidi miezi sita, viza huruhusu kuingia hadi mwezi mmoja kabla ya masomo. Kuingia kabla ya tarehe iliyo kwenye viza hakuruhusiwi. Kwenye mzigo wa mkononi kuwe na barua ya chuo, CAS, cheti cha kifua kikuu na anwani ya makazi.

Mwanafunzi wa shahada anaruhusiwa kufanya kazi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula na muda wote wakati wa likizo. Kujiajiri hakuruhusiwi, na humo zimo kazi za kupeleka vyakula kwa programu za simu ambazo mtu huhesabiwa kuwa amejiajiri. Mishahara ya saa hizo isipangwe kuwa ndiyo itakayolipa ada. Hesabu haikubali, na anayevuka saa huhatarisha viza yenyewe.

Tangu tarehe 1 Januari 2024, mwanafunzi wa shahada ya kwanza na wa uzamili wa kozi za darasani hawezi kuleta mwenzi na watoto kama wategemezi. Fursa hiyo imebaki zaidi kwa wa uzamivu, wa uzamili wa utafiti, na wanaofadhiliwa na serikali. Mama au baba anayepanga kwenda kusoma mwaka mzima alijue hilo kabla ya kulipa amana.

Aliyemaliza shahada anaweza kuomba viza ya wahitimu ya kutafuta na kufanya kazi, ya miaka miwili au mitatu kwa wa uzamivu. Kwa wanaoomba kuanzia tarehe 1 Januari 2027, ile miaka miwili inakuwa miezi 18. Kuhamia viza ya kazi katikati ya kozi kumezuiwa tangu Julai 2023. Na pasipoti ikibadilishwa wakati wowote wa masomo, namba mpya iingizwe kwenye akaunti ya viza ya kielektroniki kabla ya kukata tiketi ya kurudi likizo, kwa kuwa shirika la ndege hukagua viza kwa kutumia namba hiyo.